Goma–Kinshasa: masaa mawili hewani, siku mbili njiani

Ukiiuliza simu, inajibu haraka: kutoka Goma mpaka Kinshasa ni kilomita 1,560 hivi, ndege inatumia masaa mawili na dakika kumi na tano, pengine na ishirini. Inakuchorea na mstari ulionyooka juu ya karata ya nchi, kutoka ukingo wa Ziwa Kivu mpaka kwenye Mto Kongo. Haikuambii kama juu ya mstari huo kuna ndege ya abiria inayopita. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia mjini, kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa. Katikati ya mwezi wa pili, kiwanja cha Kavumu, kile cha Bukavu, nacho kikafuata. Mashine inayopima umbali haisikilizi habari za redio. Inajua tu viwanja viwili viko wapi duniani, basi inapiga hesabu.

Na hesabu yenyewe haina uchawi. Kiwanja cha Goma kiko kwenye digri 29 na robo za mashariki, na digri moja na theluthi mbili kusini ya ikweta. N'djili iko kwenye digri 15 na karibu nusu za mashariki, na kusini digri nne na kidogo. Karibu na ikweta, digri moja ni kilomita 111, uende juu, uende pembeni. Mwanafunzi wa sekondari anayekumbuka pembetatu yake na kalamu ya risasi anapata 1,560 bila intaneti. Kwa safari za mbali, zile za Ulaya na Amerika, inabidi kufuata mviringo wa dunia, ndiyo maana njia za ndege zinaonekana zimepinda kwenye karata. Lakini kwenye tumbo la dunia, ambako Kongo imelala, kamba iliyonyooka na mviringo ni karibu kitu kimoja.

Muda nao unatoka hapo hapo. Ndege kubwa ya abiria ikishapanda inakwenda kilomita 800 na kitu kwa saa. Gawanya, unapata chini kidogo ya masaa mawili. Ongeza nusu saa ya kuzunguka uwanjani, kupanda na kushuka. Ndiyo yale masaa mawili na robo.

Kuna kitu kimoja kizuri ambacho simu haikisemi. Kati ya Goma na Kinshasa kuna karibu digri 14 za mashariki na magharibi, na jua linatumia dakika nne kwa kila digri. Maana yake jua linatua Kinshasa dakika 55 hivi baada ya kutua Goma. Saa za serikali zinafuata vilevile: Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Kwenye ikweta dunia inazunguka kilomita 1,670 kwa saa, na ndege inakwenda karibu nusu ya mwendo huo. Basi anayepanda Goma saa nne za asubuhi anashuka N'djili saa tano na robo, kwa saa ya ukutani pale. Ametumia masaa mawili na robo, lakini mchana umemrudishia saa moja. Watu wa Goma walikuwa wanachekea jambo hilo: kwenda Kinshasa unapewa saa moja ya bure, kurudi unaidaiwa.

Wale waliosafiri wanakumbuka njia. Ndege inaruka upande wa ziwa, kwa sababu upande mwingine kuna mlima wa moto, kisha inageuka magharibi. Masisi inapita na malisho yake, halafu Walikale, halafu msitu unaanza na hauishi. Mto Lualaba unavukwa kaskazini ya Kindu. Sankuru inapita chini, kijani kitupu, hakuna barabara inayoonekana. Karibu na Bandundu maji yanaanza kung'aa huku na huku, masikio yanaziba, na mtu wa kiti cha dirisha anaanza kuona mabati ya Kinshasa yasiyo na mwisho.

Hata wakati ule hesabu ilikuwa na kasoro zake. Wingu la mvua juu ya msitu wa Kongo linapanda juu kuliko ndege inavyoweza kupanda, na rubani mwenye akili analizunguka. Watafiti wa radi waliotoa matokeo yao mwaka 2016 waliiweka Kabare, kule Kivu ya Kusini, kuwa mahali pa kwanza Afrika kwa wingi wa radi, na pa pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kiwanja cha Kavumu kiko ndani ya Kabare. Mtu wa Bukavu hakuhitaji watafiti kumwambia hilo, lakini si vibaya kuona limeandikwa.

Kiwanja cha Goma kina historia yake nzito. Kiko juu, zaidi ya mita 1,500, na hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka kuliko pale N'djili, ambako urefu ni mita 300 na kitu tu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilipotema moto, lava ilipita katikati ya mji na kufunika karibu theluthi moja ya uwanja, upande wa kaskazini. Kwa miaka mingi ndege zilitumia kipande kilichobaki. Tarehe 15 mwezi wa nne 2008 ndege iliyoshindwa kuruka ilipita mwisho wa uwanja na kuingia katika nyumba na maduka ya Birere. Mwezi wa kumi na moja 2019 ndege ndogo iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka juu ya nyumba za Mapendo. Wakaaji wa mitaa hiyo hawakuwa na haja ya kupanda ndege ili waijue. Mwezi wa tano 2021 lava ilishuka tena na kusimama karibu kabisa na kiwanja. Kila mara, baada ya kilio, ndege zilirudi, maana njia nyingine haikuwepo.

Na haipo kweli. Hakuna barabara nzima inayotoka Goma mpaka Kinshasa ambayo mtu mwenye akili timamu angempakia mgonjwa wake juu yake. Mto unaanza kubeba mashua kubwa Kisangani, na kutoka pale mpaka Kinshasa ni kilomita 1,700 na zaidi za maji, wiki nzima au wiki kadhaa, kutegemea mashua, mchanga na bahati. Kumbe Goma iko karibu zaidi na Bahari ya Hindi kuliko na mji mkuu wake. Kwa mstari ulionyooka, Nairobi iko kilomita 850 na kitu, Mombasa chini ya 1,200, Dar es Salaam 1,250 hivi. Si bure kwamba lugha ya mitaa ya Goma ilikuja na njia za misafara kutoka pwani, na ile ya Kinshasa ikaja na mto. Kilichoiunganisha miji hiyo miwili kila siku, kwa watu na kwa mizigo, kwa jibini la Masisi na viazi, kwa majeneza pia, kilikuwa ndege.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mkaaji wa Katindo, aliijua hesabu hiyo kuliko wengi, kwa sababu anafundisha jiografia. Mama yake, mwenye miaka 70 na kitu, alipelekwa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 2024 kutibiwa figo. Alisafiri na begi moja na gunia la viazi, akasema anakwenda kwa miezi miwili. Alifikia kwa mtoto wake mdogo, Lemba. Miezi miwili ilipokwisha, kiwanja kilikuwa kimefungwa.

Miezi ya kwanza hawakuhangaika sana. Matibabu yalikuwa yanaendelea, simu ilikuwa inapita, na kila mtu Goma alikuwa anasema kwamba mambo haya hayatakawia. Halafu mwezi wa tisa mdogo wake akapiga simu usiku.

“Yaya,” akasema, “Mama anakuulizia kila siku. Daktari anasema tusingoje sana.”

Usiku huo mwalimu na bibi yake hawakulala. Jambo lililowaweka macho lilikuwa moja, na familia nyingi za Goma na Bukavu zililijua mwaka ule: pesa ilikuwa ya safari moja. Akienda sasa, atamwona mama yake akiwa hai, lakini siku ya mazishi hatakuwepo. Akingoja, atakuwepo kwenye mazishi, mtoto wa kwanza, mbele ya watu, kama desturi inavyotaka, lakini atakuwa amefika kuzika mtu ambaye alikuwa anamuulizia. Wajomba walipoitwa asubuhi waligawanyika. Mkubwa wao alisema mtoto wa kwanza anamwaga udongo, hilo halina mjadala. Mwingine akasema udongo unaweza kumwagwa na mdogo, lakini mdogo hawezi kuulizwa maswali ambayo mama anataka kumuuliza mkubwa.

Bibi yake ndiye aliyemaliza. “Papa, nenda akiwa anasikia,” akasema.

Pesa ilipatikana kwa likelemba ya walimu wenzake, waliokubali kumpa zamu isiyokuwa yake, kwa mbuzi wawili wa Rutshuru, na kwa deni. Benki za mji zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa kwanza, kwa hiyo kila franka ilipita kwenye simu, na kila mara ilipopita iliacha kidogo njiani. Tiketi haikufanana kabisa na ile ya zamani. Zamani mtu alilipa safari ya ndani na kuonyesha kadi ya mpiga kura. Sasa alihitaji pasipoti, na pasipoti inatolewa na Wizara ya Mambo ya Nje, huko huko Kinshasa. Yaani ili mtu wa Goma afike mji mkuu, anapaswa awe amekwisha kupewa na mji mkuu kitabu cha kwenda ng'ambo. Mwalimu alikuwa na bahati: alikuwa nacho, alikitafuta miaka mitatu kabla kwa ajili ya semina huko Bujumbura, na kilikuwa bado hakijaisha. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta hakuwa nacho, na baba yake mzazi amezikwa Nsele bila yeye.

Alihitaji pia kadi ya manjano ya chanjo, ambayo Kongo inamdai kila anayeingia kutoka nje. Kwa kuwa angeingia kutoka nje.

Alitoka nyumbani siku ya nne, saa kumi na mbili za asubuhi. Pikipiki ilimpeleka Petite Barrière, na njiani walipita si mbali na kiwanja cha ndege, ambacho zamani kilikuwa safari ya dakika kumi. Alivuka kwa miguu pamoja na wamama wa biashara waliobeba unga na nyanya. Gisenyi alipanda basi. Mpaka Kigali ni kilomita 150 na kitu, lami nzuri, kona nyingi; mtoto wa kiti cha nyuma alitapika Musanze na tena mbele ya Musanze. Kigali alifika mchana, akangoja.

Kutoka Kigali mpaka Kinshasa, kwa mstari, ni kilomita 1,650 hivi, si zaidi sana ya ile ya Goma. Ilikuwepo ndege ya moja kwa moja, mpaka mwaka 2022 serikali ya Kongo ilipoisimamisha. Mwezi wa pili 2025 Kinshasa ikaifunga anga yake yote kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Basi abiria wa Goma akifika Kigali anachagua kuzunguka: wengine Nairobi, wengine Addis Ababa. Wako pia wanaopita Uganda, wanazunguka mpaka Kasindi na kuingia Beni, ili watafute ndege ya ndani ya nchi. Mwalimu alichukua Addis kwa sababu ilikuwa na nafasi wiki ile.

Mtu anayefundisha jiografia hawezi kuacha kupima. Ndege iliruka Kigali saa kumi na moja za jioni, ikaelekea kaskazini-mashariki. Kwenye kioo kidogo mbele ya kiti aliona ndege ya kuchorwa ikiacha nyuma Kongo yote. Kilomita 1,550, masaa mawili na dakika ishirini, na kwa sababu Ethiopia iko saa moja mbele, ilikuwa saa mbili na dakika ishirini za usiku aliposhuka. Akapiga hesabu kwenye mgongo wa tiketi. Asubuhi alipoamka Katindo, mama yake alikuwa kilomita 1,560. Sasa, baada ya siku nzima ya njia na deni lote lile, alikuwa karibu kilomita 3,000. Alikuwa amesafiri saa kumi na tatu, na umbali kati yao ulikuwa umekua karibu mara mbili.

Alilala kwenye kiti. Usiku wa kiwanja kikubwa hauna giza, na sauti ya kuita abiria haikomi. Kitu kimoja kilimfurahisha: mfanyakazi wa usafi aliyemuuliza saa, kwa ishara na maneno machache, alimwonyesha saa ya mkononi mwake iliyohesabiwa kama ya Waswahili, kuanzia jua linapochomoza. Waethiopia nao wanahesabu hivyo. Akaona kwamba amefika mbali, lakini saa nne bado ni saa nne.

Saa nne hiyo ya asubuhi ndege ya pili iliruka. Masaa manne hewani. Ilivuka Sudan Kusini, ikaingia Kongo kutoka juu, ikapita juu ya misitu ile ile ambayo ndege ya Goma ingepita, lakini kwa upande mwingine. Ilitua N'djili saa sita za mchana. Pale kwenye kijumba cha uhamiaji afisa alifungua pasipoti, akaangalia, akauliza:

“Unatoka wapi, Papa?”

“Goma.”

“Goma, kwa kupitia Addis?”

“Ndiyo.”

Afisa akanyamaza kidogo, akagonga muhuri wa kuingia. Mkongomani ameingia Kongo, akitoka Kongo.

Masaa 31 kutoka mlango wa Katindo mpaka magurudumu kugusa N'djili. Katika hayo, hewani ni sita na dakika ishirini. Kilomita, ukijumlisha basi na ndege zote mbili, karibu 4,700, yaani mara tatu ya mstari ambao simu inauchora. Na bado ulikuwepo msongamano wa Boulevard Lumumba, ambao hakuna mashine duniani imewahi kuupima ikasema kweli. Alifika Lemba karibu na saa kumi za jioni.

Mama yake alikuwa amekaa kitini, wamemvika kitenge kipya. Alimwangalia kwa muda mrefu kabla ya kusema.

“Mwanangu, Goma imehama?” akauliza. “Mimi nilikuja asubuhi na kula hapa mchana.”

“Haijahama, Mama. Njia ndiyo imehama.”

Alikaa siku tisa. Hayo waliyozungumza yanabaki yao. Inajulikana tu kwamba kulikuwa na jambo la shamba la Rutshuru na la ndugu mmoja waliyekosana naye miaka mingi, na kwamba siku ya tano mama aliomba sombe ya Goma, isiyo na mawese mengi, na mwalimu akaipika mwenyewe huku mke wa mdogo wake akicheka. Jibini la Masisi alilolibeba kutoka nyumbani lilikuwa limepitia nchi tatu na kutoa jasho, lakini mama alikula kipande kila asubuhi mpaka likaisha.

Siku ya kuondoka hakuna aliyeisema sentensi ile. Mama alimwambia tu asichelewe ndege. Alirudi kwa njia ya Nairobi, ambayo ni fupi kidogo: kilomita 2,400 na kitu mpaka Nairobi, halafu 760 hivi mpaka Kigali, yaani mara mbili tu ya mstari. Kabla ya kupanda alilipa Go-pass, ada ya viwanja vya ndege iliyoanzishwa mwaka 2009. Ina bei mbili, ya safari za ndani na ya safari za nje, na ya nje ndiyo kubwa. Yeye, akirudi nyumbani kwake, alilipa ya nje.

Mwisho wa mwezi wa kumi, tarehe 30, habari ilienea mjini kama moto wa majani makavu. Kwenye mkutano uliofanyika Paris, rais wa Ufaransa alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa katika wiki zinazokuja kwa ajili ya ndege za misaada. AFC/M23, iliyokuwa inakishika kiwanja, ililikataa tangazo hilo. Lakini Katindo watu walisikia neno moja tu, kufunguliwa, na majirani walikuja kumpongeza mwalimu mlangoni, kana kwamba ni yeye aliyefungua. Alijaribu kuwaeleza kwamba ndege ya misaada haibebi mwalimu, na kwamba kiwanja hakifunguliwi kama duka. Unahitaji mnara wenye watu wanaotambuliwa, taa, zimamoto, uwanja uliokaguliwa kwamba hauna mabomu, na bima ambayo kampuni ya ndege itakubali kuilipa. Walimsikiliza kwa heshima. Walipoondoka, mmoja aliuliza kama tiketi itarudi bei ya zamani.

Siku nne baadaye mdogo wake akapiga simu tena, safari hii asubuhi.

Mama alizikwa Nsele, pembezoni mwa Kinshasa, si Rutshuru alikozaliwa wala Goma alikolea watoto. Zamani familia ingechangisha pesa ya jeneza kusafiri, na jeneza lingefika mchana ule ule. Wajomba hawakuligusa tena lile neno la udongo. Mkubwa wao, yule aliyesema kwamba halina mjadala, ndiye aliyekuja wa kwanza na viti vya plastiki kichwani.

Matanga yalikaliwa pande mbili, Lemba na Katindo. Mdogo wake alituma ujumbe kwamba mazishi yataanza saa nne kamili za asubuhi na kwamba mtu atashika simu ili wa Goma waone. Ujumbe ulipita kwenye simu za watu wote kama ulivyoandikwa. Kwa hiyo saa nne, saa ya Goma, ua ulikuwa umejaa: walimu wenzake, wanafunzi wa darasa la mwisho wakiwa na sare, wamama wa kanisa na vitenge vyao vya rangi moja. Simu iliegeshwa juu ya meza, imezungukwa na chupa za maji ili isianguke. Kioo kilikuwa cheusi. Watu wakasimama, wakangoja, wakaanza kunong'ona kwamba intaneti imekufa.

Mwalimu ndiye aliyekumbuka. Kinshasa ilikuwa bado saa tatu. Akawaambia wakae, kuna saa nzima, akaingia ndani kuomba chai iongezwe.